Meseji Alizosomewa Shosho Ngendo

Mume wangu Boaz ana ubaya mmoja: hawezi kumwambia mtu neno la kumuumiza. Kanisani yeye ndiye msomaji, na hata pale nabii anapofoka, Boaz husoma kama anayebembeleza mtoto alale. Mimi ningepewa kazi hiyo, waumini wangekaa wima.

Ni kwa sababu ya sauti hiyo Shosho Ngendo alimchagua. Shosho ndiye mwenye ploti tuliyopanga kule Kiganjo, mjane, macho yake yamefifia hata hatambui uso wa mtu. Kila jioni Boaz akitoka kiwandani, kabla hajakaa, sauti inatoka mlango wa kwanza: "Baba Maxine, ũka haha, njoo hapa. Simu imelia tena." Boaz anaenda, anamiminiwa chai, anasoma. Maxine wetu alizaliwa tukiwa hapo, na Shosho ndiye aliyemwogesha wakati mimi siwezi hata kuinuka kitandani. Nasema hivyo ili ujue kwamba nilimpenda yule mama.

Kampeni zilipoanza, chama chake kikapata namba yake, sijui wapi. Meseji zikamiminika. "Mama Ngendo, wanakuja. Watu wa upande ule wanajaza nyumba zetu za kupangisha ili wapige kura hapa, kisha wachukue mali yetu. Tuma mia mbili leo kabla ya saa sita usiku. Kesho tutakuwa tumechelewa." Kesho ikifika, hawajachelewa, wanataka mia mbili nyingine. Hakuna hata moja iliyotaja maji au bei ya unga. Hakuna iliyosema kwamba huko upande ule pia kuna wajane. Kila kitu kilichoharibika nchi hii tulikiharibu sisi, maana watu wa upande ule ni sisi. Kabila hawakulitaja, na hawakuhitaji. Na aliyetakiwa kuyasoma hayo kwa sauti, kikombe cha Shosho mkononi, ni Boaz.

Mwanzoni aliyafupisha. "Shosho, chama kinaomba msaada." Shosho anasema tuma, Boaz anatuma, kwa kuwa pin ya simu alimwachia yeye wala si mwanawe wa kumzaa. Lakini pesa zilizokuwa kwenye simu hiyo zilikuwa za kupasuliwa macho. Daktari alishamwonya asikawie, la sivyo jicho la kulia litazima na halitarudi tena.

"Msomee yote," nilimwambia Boaz. "Neno kwa neno. Ajue anachangia nini."

"Mama Maxine, nimsomee kwamba mimi ni adui yake?"

"Ndio! Chai yake si unakunywa?"

Hakunisikiliza. Jioni moja nikamsikia kupitia ukuta wa mabati, kwa ile sauti yake ya kanisani: "Mama Ngendo, asante sana. Umetuchangia ya kutosha. Usitume tena, weka pesa ya macho yako. Mungu akubariki."

Shosho akaanza kulia. "Hawa ni watu wa Mungu, Baba Maxine. Wamejuaje mambo ya macho yangu?"

Boaz alirudi chumbani akitabasamu, nami nikacheka mpaka nikaketi kitandani. Kumbe huyu mpole wangu ana akili! Tangu siku hiyo chama kikawa kinamsalimia Shosho, kinamuuliza kama amekula, kinamkumbusha tarehe ya hospitali. Tulidhani tumewaweza.

Kiama, mwanawe, ana duka la hardware Ruiru na hufika mwisho wa mwezi kuchukua kodi. Jumapili moja Shosho akampa simu kwa fahari. "Soma vile chama kinanijali." Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilimwona Kiama akisoma, akirudi nyuma, akisoma tena. Kisha akamwita Boaz.

"Niaje, Boaz. Hii message ya jana ulimsomea mathe ikisema nini?"

"Nilimpunguzia, bro. Iko na maneno mabaya."

"Maneno mabaya ya nani?"

Kiama hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alisoma polepole, mama yake asikie: "Mama Ngendo, wameshaingia hadi ndani ya boma lako. Wanakunywa chai yako. Watakuficha ukweli ili usitusaidie. Tuma leo."

Aliyeandika hayo hakumjua Boaz. Aliwaandikia kina mama elfu kwa mkupuo mmoja. Lakini pale uani yalimkaa mume wangu kama suruali iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Nikapayuka. "Shosho, alikuwa anakuwekea pesa ya macho! Kama si yeye zingekuwa zimeisha!"

Shosho aligeuza uso upande aliokuwapo Boaz. "Baba Maxine, ulinidanganya?"

"Ndio, Shosho."

Mume wangu huyo! Hata hapo hakujua kujitetea.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi walisema kweli." Akanyoosha mkono kwa mwanawe. "Kiama, watumie. Zote."

"Na za macho, mathe?"

"Macho ya nini? Nimekaa na hawa miaka hii yote na sikuwaona."

Akamtajia pin, na Kiama akatuma pale pale, mbele yetu. Kisha akatwambia mwezi ujao ukiisha tumpishe mpangaji mwingine.

Tulihamia Ruiru, chumba kimoja, ukuta wa jirani ukisikika kama wako. Wangechi, tuliyepakana naye Kiganjo, alinipigia mwezi uliopita kuniambia jicho la Shosho limezima. Anatembea akishika kuta. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Nililia, halafu nikajikasirikia kwa kulia.

Simu ilikuwa bado mkononi ilipoingia meseji. Ilikuwa ya chama chetu sisi, wa upande ule. "Dada Awiti, wanatufukuza majumbani. Hawajawahi kutupenda hata siku moja. Changia leo, tuwaonyeshe."

Niliijua. Niliijua kama ninavyojua mlango wangu. Nilijua aliyeiandika hajui jina la Shosho, na kwamba hilo la "hawajawahi" ni uongo mtupu, maana mikono ya yule mama nimeiona ikimwogesha mwanangu. Nilijua yote hayo, na bado nikaweka pin yangu na kutuma.

Boaz aliinua kichwa. "Wanasema nini?"

"Wanasema ukweli," nikamjibu.