Mkia wa Almasi

Stoo yangu imejaa almasi, na mlango wake unafungwa kwa komeo la kawaida. Si almasi za kuvaa. Ni punje ndogo za njano chafu, zinazotengenezwa kiwandani kwa kukandamiza kaboni, ile ile iliyomo kwenye makaa na kwenye kalamu ya risasi. Punje hizo huchanganywa na unga wa chuma na kushikizwa ukingoni mwa diski, na diski ndiyo inayokata zege. Mimi na mwanangu tunakula kwa kazi hiyo. Mtu akitaka mlango palipo na ukuta, au njia ya bomba sakafuni, anatuita. Nilisomea ujenzi chuoni, nina stashahada yangu, na miaka yote wifi yangu amekuwa akinitania kwamba nina almasi nyingi kuliko mke wa mfalme, lakini masikio yangu hayana hata hereni ya bati.

Wifi ndiye aliyenipigia simu siku ile, na hakutania. Alisema sakafu ya juu ya maegesho imeanguka, kwenye jengo ambalo mume wake alikuwa akitengeneza mabomba, na yeye yuko chini yake. Yuko hai, anaongea, lakini zimamoto hawana mashine ya kukata zege nene kiasi kile.

Mume wake ni mdogo wangu wa tumbo moja. Kwa mwanangu ni zaidi ya mjomba. Baba mtu alipoondoka, mjomba ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, kunyoa ndevu, na kudanganya wasichana uongo mdogo usioumiza. Tulipakia mashine, mapipa ya maji na diski moja kubwa iliyokuwa imetumika. Mpya nilikuwa nimeiagiza, haijafika.

Nilipopita chini ya kipande cha sakafu kilichobaki juu, nikaona kilichotokea. Sakafu ile iliwahi kupata nyufa, wakaiimarisha kwa tepe za nyuzi za kaboni. Ni kitu kizuri, chembamba kama mkanda wa suruali, na kwa kuvutwa kinaishinda nondo. Ila walibandika juu ya rangi ya zamani. Tepe zilikuwa zinaning'inia nzima nzima, na mgongoni zimeng'oka na rangi. Kaboni haikushindwa na kitu. Rangi ndiyo iliyoachia. Nilitukana palepale, na mkuu wa zimamoto akajifanya hakusikia.

Mdogo wangu alikuwa amelala katika mfereji wa mabomba, zege limemkalia mapajani. Sauti yake ilitoka kwenye upenyo usiozidi kiganja. Kulinyanyua zege lote kusingewezekana, maana lilikuwa limeshikilia jingine juu yake. Ilibidi tukate kipande kilicho juu yake peke yake, kisha zimamoto wakiinue kwa jeki.

"Dada, umekuja na yule fundi wako mvivu?" aliuliza.

Nikamwambia yupo.

"Mwambie asinikate kichwa. Nimenyoa jana."

Mwanangu alicheka, akageuka upande akajifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akawasha mashine.

Diski ya almasi inataka maji. Bila maji inachemka, na almasi ikichemka ndani ya chuma inarudi kuwa kaboni ya kawaida, haina tofauti na masizi ya sufuria. Lakini maji yote tuliyomwaga yalishuka mferejini, na mfereji haukuwa na pa kuyapeleka. Punde mdogo wangu akasema maji yamemfika kiunoni na ni ya baridi. Nikaamua. Mwanangu abaki na mashine, akate kidogo asimame, na mimi na wazimamoto wawili tuingie kwa upande wa pili, kwenye shimo la ukaguzi, tuchote maji kwa ndoo. Nilimwacha kwa sababu anajua kazi. Anaijua kunishinda.

Tulichota. Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Nusu ya kazi ilikuwa imekwisha ilipogonga nondo, na mlio wake ukabadilika. Nilichungulia nikamwona kwa mbali ameifungua diski, anaikagua, nati ilikuwa imelegea. Alikuwa na glavu, zinachuruzika tope. Na mdogo wangu, kwa kuwa kelele zilikatika, akapata nafasi ya kusema.

"Mpwa wangu, unalikata hilo zege au unalipapasa?"

Sauti ilikuwa imeshuka, lakini utani ulikuwa wake. Mwanangu alijibu kwamba anamalizia, akairudisha diski haraka, akakaza nati.

Baada ya hapo haikukata tena. Ilizunguka, ikapiga kelele, ikalisugua zege kama mtu anayepiga kiatu rangi. Akaegemea kwa uzito wake wote. Haikuingia. Niliposikia harufu ya chuma kilichoungua nilitupa ndoo nikaenda. Ukingo ulikuwa unang'aa kama kijiko. Nikasema imekwisha, imeuawa na nondo, tutafute nyingine. Nikampigia simu mkandarasi ninayegombania naye kazi kila siku. Hakuuliza bei wala sababu, aliileta diski mwenyewe, lakini alitoka upande wa pili wa mji, na barabarani kulikuwa na foleni.

Wakati tunamsubiri nililala kifudifudi kwenye upenyo na kuzungumza na mdogo wangu. Aliuliza kama wifi amekula. Aliuliza kama mpwa wake amechoka. Halafu akawa anajibu "ehe" tu. Halafu hata hiyo ikakoma.

Diski mpya ilikata kama kawaida. Tulipomtoa alikuwa ameshakufa, mwili bado una joto. Daktari alisema mtu aliyebanwa mapaja kwa muda mrefu huweza kufa hata baada ya kutolewa, damu ya miguu ikirudi imeshaharibika. Alisema huenda, labda, pengine. Madaktari wakikosa jibu husema mengi.

Msibani watu walimsifu mwanangu. Walisema kijana amepigana na zege kama simba. Wifi alimshika kichwa akamwambia mjomba wako alisikia sauti yako mpaka mwisho. Mwanangu aliitikia kwa kichwa na kuinama.

Wageni walipotawanyika nilikwenda stoo kuosha mashine, kwa kuwa tope la zege likikauka halitoki. Nikaichukua ile diski iliyokufa, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia.

Diski ya almasi ina upande wake. Ikishafanya kazi, kila punje inajichongea mkia nyuma yake, kijilima cha chuma kinachoiegemeza, kama mgonjwa aliyewekewa mto mgongoni. Ukiifunga kinyume, mto unakuwa mbele na mgongo unabaki wazi, na punje zinang'oka. Kiwanda huchora mshale wa mzunguko, lakini kwenye diski ya siku nyingi mshale huwa umefutika. Kwa hiyo sisi huvua glavu na kupitisha ukucha ukingoni. Huku unateleza, huku unakwaruza. Ndivyo tunavyojua.

Niliona mikia. Mbele ya kila mkia, mahali pa almasi, palikuwa na shimo tupu. Na mikia yenyewe ilikuwa imelambwa kutoka upande usio wake. Nondo haifanyi hivyo.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Watu wananijua kwa mdomo, sijui kufunika kombe. Siku ile nilitamani kujua. Ningeweza kuitupa diski kwenye vyuma chakavu na pasingekuwa na wa kuuliza. Lakini kesho kutwa mwanangu angerudi kazini na glavu zake.

Nilimwita. Nikampa kioo na diski. Alitazama, kisha akavua saa mkononi, akaivaa tena.

"Niliifunga kinyume."

"Ndiyo."

"Ningeifunga sawa, angepona?"

"Sijui, mwanangu. Daktari hajui. Ninachojua ni kwamba tungefika tukimkuta anaongea."

Alisema ningeweza kunyamaza. Nikasema ndiyo, ningeweza, na siku moja ungefunga hivyohivyo juu ya mtoto wa mtu mwingine. Aliifunga diski kwenye gunia, akasema anakwenda kumweleza mke wa mjomba wake, yaani wifi, kabla hajampikia tena na kumwita shujaa. Nikamwambia si lazima leo. Akasema leo.

Tulikwenda pamoja. Wifi alikuwa anakunja mashati ya marehemu kitandani. Mwanangu alisimama mlangoni akaeleza yote, mpaka glavu, mpaka ule utani wa kupapasa. Alieleza vizuri, bila kujitetea, kama nilivyomlea. Nilikuwa najivunia.

Wifi alimaliza shati lililokuwa mkononi, akalinyoosha kola. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Wifi, mwambie mwanao asije hapa mpaka nimwite."

Mwanangu alikuwa amesikia. Aliaga kwa adabu, akateremka ngazi.

Hajamwita. Mimi naenda kila Jumapili. Tunachambua mboga, tunazungumzia bei ya gesi na mvua isiyokoma, na wifi hunikatia kipande cha mkate nile kabla sijaondoka. Zamani alikuwa akinifungia na kingine, nimpelekee kijana.