Pumzi ya Mgeni

Jumanne ilikuwa siku ya vipande. Wakimbiaji wa mbio ndefu walijipanga kwenye kona ya kiwanja cha shule, pale nyasi zilipokwisha na mchanga ukaanza, na Mwalimu Lenox akasimama kando ya dumu la njano lililojazwa mchanga, ambalo ndilo lililokuwa alama ya kuanzia. Kazi yenyewe haikuwa na siri. Unakimbia mzunguko mmoja kana kwamba umeibiwa, unatembea nusu mzunguko mikono kiunoni, filimbi inalia, unaondoka tena. Wavivu waliogopa kukimbia. Mishi, binti wa Tsuma, aliogopa kutembea tu, kwa sababu kifua chake kilitulia mapema na kumwacha akingoja wenzake bila la kufanya.

Hakuna msichana Likoni nzima aliyekuwa na pumzi kama yake. Mwaka uliopita, katika mashindano ya shule za Pwani, alikuwa wa pili kwenye mita elfu tatu, na hilo nalo lilisababishwa na kiatu kilichofunguka. Mwalimu Lenox alimwinua mkono mbele ya timu nzima. "Mwaka ujao hii nafasi ni ya Mishi," alisema. "Hata nani akuje." Kila shule ilipeleka msichana mmoja tu katika mbio hizo, kwa hiyo ahadi ile haikuwa ndogo. Mishi aliibeba nyumbani Bofu akaifungua mbele ya baba yake. Tsuma alisukuma mkokoteni katika soko la Kongowea, alitoka kabla ya alfajiri na kurudi baada ya isha, na hakuwahi kumwona mwanawe akikimbia. Aliapa kwamba siku ya mashindano mkokoteni utalala.

Mwezi mmoja kabla ya mashindano, Mwalimu Lenox alibisha hodi nyumbani kwao jioni, na nyuma yake alikuwepo msichana mrefu mwenye begi moja. Aliitwa Fancy, alitoka Bomet, huko bara milimani, na alikuwa ameandikishwa shuleni wiki hiyo hiyo. Shule haikuwa na bweni na Fancy hakuwa na jamaa Mombasa. Mwalimu aliomba kama angeweza kukaa hapo kwa muda. Mwanasaumu, mama yake Mishi, aliyekuwa akiuza mahamri barazani kila asubuhi, alitandika mkeka mpya kabla ombi halijaisha.

"Na hapa kwenu mgeni hupokewaje, mama?" Mwalimu aliuliza, akiwa bado amesimama mlangoni.

Mwanasaumu alifurahi kuulizwa. Watu wa bara hawaulizi. Akamweleza kwamba mgeni hupewa maji, na akipewa maji huambiwa maneno, na maneno hayo yalitoka kwa mamake, ambaye aliyapata kwa mamake.

"Basi mwambie hivyo hivyo," alisema Mwalimu. "Usipunguze."

Mishi alikuwa jikoni akikuna nazi. Alisikia yote, akasema moyoni kwamba mwalimu wake ana adabu.

Mwanasaumu alimpa Fancy kikombe kwa mikono miwili. "Karibu, mwanangu. Hapa si pa wageni. Kilicho chetu ni chako. Usiombe, chukua." Fancy akanywa hadi tone la mwisho. Mwalimu Lenox naye aliletewa kikombe, lakini alikiweka sakafuni bila kukigusa, akashukuru na kuondoka.

Ni lazima ieleweke kwamba katika ukoo ule maneno hayo hayakuwa mapambo. Nyanya yake Mishi aliwahi kumpokea mgeni kutoka Lamu aliyekuwa akisumbuliwa sana na jua, na mgeni huyo alipoondoka aliondoka na kivuli cha nyumba. Hadi leo ile nyumba ya Mtongwe haina kivuli, wenyewe huanika nguo pande zote, na hakuna hata mmoja aliyekwenda Lamu kudai. Ukishatoa, umetoa.

Siku ya kwanza ya mazoezi Fancy alizunguka kiwanja mara mbili akakaa chini. "Hii hewa ni nzito," alisema. "Ni kama kupumua chai." Mwalimu Lenox hakumkaripia. Alimwambia aende nyumbani akale vizuri, azoee. Jioni hiyo Fancy alikula wali wa nazi na samaki wa kukaanga, akaketi karibu na Mishi kwenye mkeka, na kwa kuwa alikuwa ameambiwa asiombe, hakuomba.

Kesho yake ilikuwa Jumanne. Filimbi ilipolia, Fancy alizunguka mdomo ukiwa umefungwa, pua kavu, akipiga hatua ndefu. Mishi alifika nusu ya mzunguko akasimama. Alikuwa akitweta kwa watu wawili. Mwalimu alimwambia aketi kwenye benchi, akaketi, na bado kifua kilimpanda na kushuka kila Fancy alipokimbia, kikatulia kila Fancy alipotembea. Kipande cha pili kilikuwa hivyo. Cha tatu kilikuwa hivyo. Mwalimu Lenox alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akaitia filimbi mfukoni kwa utulivu wa mtu aliyepewa chenji kamili.

Mwanasaumu alimpeleka binti yake zahanati. Muuguzi alimsikiliza mgongo na kifua, akamwambia avute, akamwambia aachie. "Mapafu ni mazima," alisema. "Hii ni pumzi ya mtu mwingine inayopitia hapa. Hatuna dawa yake, labda huyo mtu apumzike." Wakapewa panadoli.

Watu walizoea upesi. Mishi akianza kutweta katikati ya somo la fizikia, mwalimu wa fizikia alingoja, chaki mkononi, kisha akaendelea. Wanunuzi wa mahamri waliuliza, "Leo Fancy amepelekwa kilimani?" na Mwanasaumu alijibu, "Naam, leo kilima," akiongeza mbaazi kwenye sahani. Msichana mwenyewe hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Mishi zaidi. Fancy aliosha vyombo bila kutumwa na alitandika vitanda vyote viwili.

Jumamosi moja Mishi alikuwa akiosha nywele uani. Alizamisha kichwa katika ndoo na kukaa humo kidogo, maana maji yalikuwa baridi na yalimpendeza. Kule kiwanjani Fancy alianguka kifudifudi kwenye mchanga. Haukupita muda, Mwalimu Lenox akafika kwa bodaboda. Alimsalimu Mwanasaumu kwa heshima zote, akaomba Mishi asioshe nywele siku za mazoezi, na kama ingewezekana asizame baharini hadi mashindano yaishe. Hakushangaa. Hakuuliza lililotokea ndani ya ndoo. Alijua tayari.

Mishi alimfuata hadi njiani, maji yakimchuruzika shingoni. Sasa alikumbuka kile kikombe kilichowekwa sakafuni.

"Mwalimu, ulijua?"

"Kujua nini?"

"Ulimleta kwetu makusudi. Ungeweza kumpeleka kwa kina Velma wa timu, wana vyumba vinne."

Mwalimu Lenox alipanda bodaboda, akajiweka sawa. "Mimi nilijua tu kwamba nyinyi watu wa Pwani ni wakarimu," alisema. "Usifikirie mambo mengi, Mishi. Hii ni kazi ya timu. Yeye ana miguu, wewe una kifua. Mkigawana, shule inashinda."

"Nafasi ulisema ni yangu."

"Na bado ni yako. Utakuwa hapo hapo uwanjani, kwa benchi la mbele."

Kwa hiyo ahadi yake alikuwa ameitimiza, kwa namna yake, na aliondoka akiwa ameridhika kabisa. Mishi alibaki njiani hadi nywele zikakauka. Alimpenda mwalimu yule. Mwaka mzima aliamka kwa sababu yake, alikimbia hadi akatapika kwa sababu yake, na kila alipotapika ni yeye aliyemshikia kilemba kisichafuke. Sasa hakujua alikishikia nini.

Fancy ndiye aliyetangulia kusema jioni hiyo. Alisimama mlangoni mwa jikoni, goti likiwa limechunika. "Mishi, mimi sikujua. Nilikuwa nataka tu kupumua. Ambia mama achukue pumzi yako arudishe, mimi niko sawa kurudi nyumbani."

Mwanasaumu alikuwa akikanda unga wa mahamri ya kesho. Alimtazama mgeni wake kwa huruma, akamwambia akapumzishe goti. Fancy alipoondoka, Mishi aliketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi.

"Mama, umesikia. Mwenyewe ataka kurudisha."

"Mgeni akisema hivyo ni adabu zake. Na mimi nikipokea ni utovu wangu wa adabu. Nimpokonye mtu nilichompa? Nitapita wapi hapa Bofu?"

"Lakini hukutoa chako, mama. Ulitoa changu."

"Cha mwana si cha mama?" Mwanasaumu aliuliza, kwa upole, wala hakuacha kukanda. "Wewe wafikiri hiyo pumzi uliitoa dukani? Niliyekuzaa ni mimi."

Mishi aliumia kuliko alivyoumia njiani. Mwalimu alikuwa mtu baki, na alichomfanyia kilikuwa na mwisho wake, mtu angeweza kumkasirikia na kumchukia na kumaliza. Mama yake alikuwa anamtoa tena, mbele ya macho yake, huku akikanda unga ambao Mishi naye angeula asubuhi.

"Baba yuajua kuwa sitakimbia?"

"Baba yako nitamwambia mwenyewe," alisema Mwanasaumu.

Siku ya mashindano waliamkia Kisauni. Mishi aliwekwa kwenye benchi la mbele, kama alivyoahidiwa, akiwa na chupa ya maji na leso iliyoloweshwa begani. Mama yake aliketi kando yake, amevaa buibui jipya. Mwalimu mkuu alipita akamtakia Mishi afya njema. Upande wa pili wa uwanja, penye seng'enge, Mishi alimwona baba yake. Tsuma alikuwa amevaa shati lake la Idi, lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, na alikuwa ameinamia seng'enge akiwatazama wasichana waliokuwa wakijinyoosha, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, hukumwambia."

"Alikuja amechoka kila siku," alisema Mwanasaumu. "Sikupata nafasi."

Bunduki ilipolia Mishi aliivuta hewa. Mizunguko ya kwanza alitweta vizuri, kwa mpango, kwa sababu mbio za elfu tatu alizijua na hakutaka kuziharibu hata akiwa ameketi. Fancy alikwenda wa tatu, kisha wa pili. Watu wa benchi walimpisha Mishi apate hewa. Mbele alikuwepo msichana kutoka Taita, na ulipofika mzunguko wa mwisho kengele ikapigwa, Fancy akampita, na jasho likamtiririka Mishi hadi kwenye magoti.

Hapo ndipo alipofunga mdomo.

Hakuwa amepanga. Aliona tu baba yake kule, akisimama kwa ncha za vidole, akitafuta, na mdomo ukajifunga wenyewe. Akaibana na pua. Upande wa mbali wa uwanja hatua za Fancy zilipungua urefu. Yule wa Taita akamkaribia. Fancy aligeuza uso kuelekea benchi, hakuwa na hasira usoni, alikuwa na woga tu, ule wa siku ya kwanza, alipokaa chini kiwanjani. Mishi alijua kwamba akikaa hivyo kwa muda mfupi tu, pumzi itakuwa yake na mbio zitakuwa si za mtu.

Mwanasaumu aliuweka mkono mgongoni mwa binti yake, mahali pale pale alipompiga mgongo alipokuwa mtoto akicheulishwa maziwa. "Vuta pumzi, mwanangu," alisema. "Usiniaibishe mbele ya mgeni."

Mishi alivuta. Fancy akashinda kwa hatua tano.

Kukawa na vigelegele. Mwalimu Lenox alikuja mbio, akampa Mwanasaumu mkono, akampongeza kwa malezi. Alisema Fancy anakwenda mashindano ya taifa, na kwamba itabidi Mishi asafiri naye, au abaki, haidhuru, umbali haujalishi. Alisema tena kwamba muhula ujao atawaleta wengine wawili kutoka bara, wote watoto wazuri.

"Waje," alisema Mwanasaumu. "Hapa si pa wageni."

Tsuma alizunguka uwanja mzima hadi kwenye benchi, akipita kando kando ili asiikanyage mistari ya chokaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama shingo iliyolowa, leso iliyoanguka, kifua kilichokuwa bado kikipanda na kushuka. "Umekimbia saa ngapi wewe? Nimesimama pale seng'engeni tangu asubuhi, wallahi macho sikuyatoa."

Mishi alingoja pumzi itulie amjibu. Haikutulia, kwa kuwa Fancy alikuwa anazungushwa uwanja akikimbia na bendera ya shule.

"Nimemaliza sasa hivi," alisema.

"Ukawa wa ngapi?"

"Wa kwanza, baba."

Tsuma alifurahi, akamshika bega, kisha akageuka kuutazama uwanja tena, na furaha ikampungua usoni.

"Sikukuona," alisema.