Mguu wa Kulia wa Mjomba

Mimi si mtu wa kutulia. Waulize wakulima wa Tindiga, watakwambia bibi shamba Irine hata uji anakunywa amesimama. Kwa miaka ishirini na sita nilizunguka na pikipiki ya serikali, leo kwenye mpunga, kesho kwenye mahindi ya Zombo, mpaka mgongo ulipokataa nikaomba kustaafu mapema. Wenzangu waliniambia sasa nitapumzika. Nilipumzika siku nne. Siku ya tano nilifungua stoo ya baba.

Ndani, nyuma ya majembe na magunia matupu, ilikuwepo Matchless. Ni pikipiki ya Kiingereza ya mwaka hamsini na moja, silinda moja, injini ya cc mia tatu na hamsini. Baba yangu, Mzee Ditram, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge hapa Kilosa, akaichukua kwa meneja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao Uingereza. Tangi lake lilikuwa jeusi lenye mstari wa fedha, sasa lilikuwa la rangi ya kutu na mavi ya popo. Nilikua nikijua stoo ile haifunguliwi. Pikipiki ile ndiyo iliyomuua mama yangu, Mwanasha, mwaka sabini na tatu, nikiwa na miaka miwili.

Au niseme kama nilivyofundishwa nyumbani: aliyemuua mama ni mjomba Yassin, mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja. Bibi alikuwa mgonjwa Mikumi na mama alitaka kwenda kumwona. Baba alikuwa anawahi kazini. Mjomba, kijana wa miaka ishirini na nne, akasema pikipiki anaijua, amekuwa akiendesha Honda ya tajiri wake mwaka mzima. Baba akampa Matchless, wakaondoka. Kwenye mteremko mmoja kabla ya kijiji cha Ulaya barabara ilikata kona, wao hawakukata. Mjomba alivunjika mkono. Mama alivunjika shingo.

Askari walipima barabara, hawakuona hata dalili ya breki. Mjomba alisimama mahakamani na bandeji yake akasema, "Nilikanyaga breki. Nilikanyaga mpaka mwisho." Aliulizwa mara tatu, akajibu vilevile mara tatu, akaonekana mwongo asiye na aibu. Alikaa jela miaka miwili. Upande wa baba walisema alikuwa amelewa, yeye ambaye hajawahi kuionja pombe. Alipotoka alihamia Mikumi moja kwa moja.

Nilimchukia mjomba. Nilimchukia kwa bidii, bila likizo. Nilikuwa nikipita Mikumi kwa semina za kazi namwona amekaa pembeni ya barabara kuu, anaziba pancha za baiskeli, mzee mwembamba mwenye kofia ya kufuma. Nageuza uso. Sikuwahi kumpa shikamoo hata siku moja, na kwetu kumnyima mjomba wako shikamoo si jambo dogo. Watu waliniona, na mimi nilitaka wanione.

Sasa utaniuliza, kwa nini niliifufua pikipiki hiyohiyo? Mikono ilikuwa inaniwasha, basi. Nilimwita Goodhope, fundi wa pikipiki karibu na stesheni, akaizunguka Matchless mara mbili akicheka.

"Dada Irine, hii si pikipiki, hii ni mashine ya kusaga."

"Unaiweza au huiwezi?"

"Naiweza. Ila usinihimize."

Nilimhimiza kila siku kwa miezi saba. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania, tukailoweka kwa mafuta ya taa na dizeli wiki mbili mpaka ikaachia. Magneto, kile kidude kinachotoa cheche bila betri, tuliipeleka Morogoro kusukwa upya. Sahani za klachi Goodhope alizichonga mwenyewe. Baba alinikataza mara moja tu, siku ya kwanza. "Liache hilo dude," alisema. Nilipokataa kuliacha hakusema tena, ila kila tulipotandaza spea uani alichukua kiti chake akahamia upande wa barabarani. Nilijua ni uchungu wa mama. Nilimwonea huruma, lakini sikuacha.

Siku iliyowaka ilikuwa Jumamosi asubuhi. Goodhope alipiga kiki mara tisa, ya kumi mimi, na ikaguna kwa sauti nzito ya polepole, kila pigo unalisikia peke yake. Si kama hizi Boksa zetu zinazolia kama nyuki. Nilifurahi nikapiga kigelegele. Ndipo baba akatoka ndani, miaka themanini na miwili, fimbo hewani, anapiga kelele kuliko injini.

"Breki iko kushoto! Irine! Kushoto! Gia kulia, breki kushoto!"

"Najua, baba. Nimeifunga mwenyewe."

"Kushoto!" alirudia, akanishika goti la kushoto akalitikisa. "Mguu huu! Sema umesikia!"

"Nimesikia, baba."

Goodhope alinikonyeza, tukacheka baadaye kwamba mzee ana hofu.

Nilikuwa najua kweli. Pikipiki zote za leo gia ni mguu wa kushoto, breki mguu wa kulia. Waingereza wale waliweka kinyume. Nilifunga kitambaa chekundu kwenye usukani, upande wa kushoto, nikaendesha wiki nzima mjini kwa adabu na sikukosea. Nilijiona fundi. Jumatatu iliyofuata nikasema leo natoka, nafika Zombo nageuza.

Baada ya Zombo sikugeuza. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, mashine inakwenda, na mimi nikiwa njiani huwa sioni sababu ya kurudi. Nilikuwa kwenye kipande ambacho lami haijafika, nateremka gia ya tatu, ng'ombe walipomwagika kutoka kichakani. Si watatu, ni zizi zima. Breki ya mkono kwenye changarawe ile ningebinuka. Kwa hiyo nilikanyaga breki ya mguu, kwa nguvu zote, mpaka mwisho.

Pikipiki haikusimama. Ilikohoa, ikaingia gia ya nne, ikaachia kama imefunguliwa kamba.

Nilipita kati ya ng'ombe wawili, sijui vipi, nikaingia shamba la alizeti na kulala ubavu. Kijana wa Kimasai alikuja mbio kuniuliza kama ni mzima. Nilimwambia ni mzima. Nilikuwa nimekaa kwenye udongo naangalia mguu wangu wa kulia. Nilikuwa nimekanyaga. Ungenipeleka mahakamani saa ileile, ningeapa kwa Biblia kwamba nilikanyaga breki, na nisingekuwa mwongo. Mguu ulikwenda pale ulipofundishwa kwenda miaka ishirini na sita, na pale hapakuwa na breki, palikuwa na gia. Kwenye Matchless ukikanyaga gia kwenda chini, huipunguzi. Unaiongeza.

Mjomba alikuwa amejifunza kwenye Honda.

Nililia pale shambani kwa sauti, Mmasai akabaki ameshika fimbo yake hajui anifanyeje. Nililia kwa ajili ya mama, halafu kwa ajili ya uso wangu nilioukunja Mikumi mara zote zile. Halafu nikakumbuka mkono wa baba unaotikisa goti langu, na kilio kikakata. Mimi alinipigia kelele za kushoto mpaka majirani wakatoka. Na mjomba je, baba alimwambia?

Sikuweza kurudi nyumbani na swali lile kabla ya kufika kwa mjomba mwenyewe. Kijana alinisaidia kuinyanyua, usukani ulikuwa umepinda kidogo, ikawaka kwa kiki ya tatu. Niliendesha mpaka Mikumi gia ya pili, nasema kwa sauti kama mwehu, "Kushoto, kushoto."

Mjomba Yassin alikuwa pale pale, na beseni lake la maji na tyubu ya baiskeli. Alisikia mlio kabla ya kuniona. Nilimwona akisimama taratibu, tyubu imemdondoka, anaangalia barabara kama mtu anayemwona marehemu anakuja. Nilizima. Nilikuwa na udongo mpaka kwenye nywele.

"Shikamoo mjomba," nilisema.

Aliinama kwanza kuiokota tyubu.

"Marahaba, mwanangu. Umeanguka?"

"Nimeanguka."

"Kaa kwanza."

"Sikai. Mjomba, nakuomba upande juu ya hii pikipiki."

Alirudi nyuma hatua mbili. "Mimi hata bodaboda sipandi, Irine. Natembea kwa miguu. Kila mtu hapa anajua."

"Imezimwa. Iko juu ya stendi, haiendi popote. Nakuomba, mjomba."

Nadhani alipanda kwa sababu ndiyo mara ya kwanza mtoto wa dada yake kumwomba kitu. Nilimsaidia kuvusha mguu. Nilimwambia ashike usukani, afumbe macho, ajione anateremka. Mkono wake wa kushoto, ule uliovunjika, haukunyooka vizuri. Nikasubiri kidogo. Halafu nikapiga kelele sikioni mwake.

"Kona! Simama!"

Mguu wake wa kulia ulishuka mzima mzima. Gia ikalia *klak*.

"Fumbua macho," nilimwambia. "Hiyo uliyokanyaga ni gia. Breki iko upande wa pili. Hata mimi leo nimekanyaga hapohapo."

Aliangalia mguu wa kulia, akaangalia wa kushoto. Akaunyanyua ule wa kushoto akaiweka kandambili yake juu ya breki, akabonyeza, akaachia, akabonyeza tena. Alifanya hivyo mara nyingi sana. Wanunuzi wa nyanya walikuwa wamesimama kututazama.

"Nilikanyaga," alisema.

"Ulikanyaga, mjomba."

"Mwishowe hata mimi niliacha kuamini. Nikasema labda niliogopa tu, mguu haukwenda. Nikasema watu wote hawa hawawezi kukosea."

"Unisamehe."

"Wewe ulikuwa mtoto." Alifuta uso kwa kofia yake. "Baba yako alinipa pikipiki, akasema nisichelewe. Ndiyo maneno aliyoniambia. Gia niliipapasa mwenyewe kwa mguu, breki hakuna aliyenionyesha. Ditram anajua hili?"

"Sijui."

"Basi nipeleke."

Nilimwambia tupande basi. Akasema hapana, atakwenda na hiyohiyo. Alimwachia mwenye duka la jirani beseni na vifaa, akapanda nyuma yangu, akanishika kiunoni kwa mikono miwili. Njia nzima hakusema kitu isipokuwa kila tulipokaribia kona aliniambia taratibu, "Kushoto, mwanangu." Kwenye kona moja kabla hatujafika Zombo hakusema hivyo. Alisoma dua, nikapunguza mwendo mpaka alipomaliza.

Baba alikuwa barazani, jua limeshapungua makali. Nilitaka kushuka nikiwaka hasira. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, makali yote. Lakini mjomba alinishika bega, akatangulia yeye, anachechemea kwa kukaa muda mrefu kwenye kiti kigumu.

"Shikamoo shemeji," alisema.

Baba alitafuta fimbo yake, akasimama. Alimtazama Yassin, akaitazama pikipiki, akauona udongo niliokuwa nao. Hakuitikia. Nikapanda ngazi za baraza, nikaona hakuna haja ya kumwuliza kwa kuzunguka.

"Baba, ulimwambia breki iko kushoto?"

"Nilisahau," baba alisema. Ilitoka upesi, kama neno lililokuwa limekaa mlangoni siku zote. "Nilikuwa nachelewa kazini. Nilisahau."

"Ulijua lini kwamba ndiyo sababu?"

Baba alikaa tena. Alizungumza akiangalia mikono yake.

"Nilifika kule kabla ya askari. Mwanasha wamemfunika kanga. Nikaenda kuinyanyua pikipiki, haisogei, nikatazama, iko gia ya nne. Kwenye kona ile, gia ya nne! Nikaelewa palepale. Nikaitoa gia kwa mkono. Askari walipofika wakaikuta haina gia, wakasema kijana alikuwa anateremka bila gia, anacheza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyesahau. Sikujiandaa kwa mtu aliyeshika gia ile kwa mkono wake.

"Kwa nini, baba?"

"Kwa sababu yako." Sasa alinitazama. "Ulikuwa na miaka miwili. Niliogopa watanifunga mimi. Mama hayupo, baba yuko jela, nani angekulea? Nilifanya kwa ajili yako, Irine."

Ndiye aliyenisuka nywele mpaka nilipofika darasa la nne, vibaya, watoto wakinicheka. Ndiye aliyenipeleka hospitali Berega akiwa amenibeba mgongoni nilipougua. Yote hayo nilikuwa nayajua, na yote yalikuwa kweli. Nilitamani yasiwe kweli, ingekuwa rahisi.

Mjomba alikuwa bado amesimama chini ya baraza, hajakaribishwa.

"Ningemlea mimi, shemeji," alisema. Hakupandisha sauti. "Alikuwa mtoto wa dada yangu. Ungeniuliza tu. Na jela ningekwenda nikijua kwa nini."

Baba alifunika uso. Mimi nilishuka ngazi nikasimama karibu na mjomba, na nilipoona baba analia nilitaka kupanda tena kwenda kumshika. Miguu haikwenda. Nilikuwa na miaka hamsini na minne, na nilisimama pale katikati ya wazee wawili bila kujua wa kwanza kumwendea ni nani.