Sumu ya Mdudu

Daktari alisema neno moja tu, "sumu," akatoka kwenda kutafuta dawa. Kabla sijamaliza kumfunika mwanangu shuka, mama mkwe wangu alikuwa ameshampata mbaya wake.

"Nilijua tu!" Mikono kichwani, wodi nzima inamsikia. "Uji wa jana ulipikwa na nani?"

Uji ulipikwa na mdogo wangu, fundi cherehani, tunayeishi naye. Alikuwa amesimama pale pale mlangoni, ameshika kikombe cha mtoto. Alikiweka kikombe dirishani, akaondoka. Haki ya Mungu ningemfuata, lakini mwanangu alikuwa anakoroma kama bomba lililoziba, na mkono wake ulikuwa ndani ya wangu. Tunamwita Kasuku kwa vile hanyamazi. Siku hiyo alikuwa amenyamaza.

"Mama," nikamwambia mkwe wangu, "ulimi hauna mfupa, lakini wako umezidi!"

Daktari alirudi na kichupa kilichotoka kwenye friji. Alikuwa mwanamke wa haraka, anaongea huku anavuta dawa kwenye sindano.

"Ni dondakoo. Kuna mdudu amejibanza kooni, mdogo hata macho hayamwoni. Yeye mwenyewe haendi mbali. Anatengeneza sumu, anaitema, na sumu ndiyo inayosafiri kwenye damu mpaka kwenye moyo."

"Kwa hiyo hakulishwa?" mama mkwe aliuliza.

"Alishwe na nani, mama? Sumu ni ya mdudu."

Mama mkwe alitafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Dawa ya kumuua mdudu ipo," daktari aliendelea, "lakini haigusi sumu ambayo ameshaitema. Ya kuizima ni hii hapa, na inaizima ikiwa bado iko njiani. Ikishaingia moyoni, basi tena. Huyu nadhani tumemuwahi. Nani mwingine nyumbani anaumwa koo? Nani anatumia naye kikombe?"

Nilikitazama kile kikombe dirishani. Mdogo wangu huonja uji wa Kasuku kila kijiko, mtoto asije akaungua. Na tangu juzi alikuwa anajifunga mtandio shingoni, anasema ni baridi, nami nikamtania kwamba anaficha alama za mchumba.

Nilipiga simu yake. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mume wangu alipofika kukaa na mtoto, nilitoka mbio, na mama mkwe nyuma yangu, kiatu kimoja kinamvuka. Sikumsubiri. Nilikuwa na hasira naye hadi meno yananiuma, na hofu ilikuwa kubwa kuliko hasira.

Nyumbani, chumba cha kushonea cha mdogo wangu kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Cherehani haisikiki. Niligonga, nikaita, nikagonga kwa ngumi.

"Kama mmekuja na polisi," sauti ilisema, nzito, inatokea puani, "ngojeni nivae viatu."

"Polisi gani wewe! Fungua, unaumwa!"

"Siumwi. Mwambie mama sikuweka kitu kwenye uji."

Nilisikia anahema, sauti ile ile ya bomba lililoziba. Nikaanza kulia, sioni aibu kusema. Ndipo mama mkwe akanisogeza kando, akaweka shavu lake kwenye mbao za mlango.

"Mwanangu, najua hukuweka kitu. Sumu ni ya mdudu, na mdudu yuko kwako pia. Yale maneno mengine niliyatema mimi. Nisamehe, au usinisamehe, lakini fungua. Utanitukana ukishapona."

Komeo likasogea.

Alikuwa amesimama pale, mtandio umelegea, shingo imevimba usawa wa mashavu. Alimtazama mama mkwe, akafungua mdomo amjibu. Ulitoka upepo tu.

"Usiseme kitu," mama mkwe alimwambia, akimshika kiunoni. "Leo nimesema mimi kwa wote. Twende."