Msimamizi Aliyenyamaza

Utafiti wa Robi ulikuwa umekwama. Alitaka kujua kwa nini wajawazito wa kijiji cha Matongo huchelewa kwenda kliniki, lakini kila mwanamke aliyemhoji alimjibu, "Hakuna shida." Bila majibu ya maana hakuna ripoti, na bila ripoti angerudia mwaka. Dakta Saida, msimamizi wake kutoka chuoni, aliposhuka kwenye bodaboda, Robi alimwamkia akitazama chini.

"Shikamoo, Dakta."

"Marahaba. Pole ya vumbi usinipe, nimezaliwa mkoa huu huu, Mugumu. Nipe majibu yako."

Aliyasoma yote. Robi alisubiri kuambiwa abadili mada; ndivyo msimamizi wa rafiki yake Eunice alivyofanya, tena kwa ukali.

"Hapa pana kitu nisichokijua," Dakta alisema. "Nimezaliwa huku, lakini kwetu ni wauza vitambaa waliohamia, si Wakurya kama ninyi. Nieleze ulivyofanya, tangu unafika kwenye mji wa watu, pale bomani kwao."

Robi alieleza. Alifuatana na baba yake mkubwa, mzee Mogesi, kwa kuwa binti hazururi peke yake kwenye miji ya watu. Mzee alipewa kigoda, maswali yakaanza.

"Mwenye mji alikaa wapi? Yule mama uliyemhoji?"

"Ndani, nyuma ya mlango."

"Kwa nini?"

Robi alitaka kusema ni heshima tu, akasita. Dakta hakumsaidia. Alimenya ndizi, akaila taratibu, akitazama ng'ombe wakipita.

"Baba mkubwa ni rika moja na baba wakwe wa wale wanawake," Robi alisema hatimaye. "Kwa mila yetu, kwao naye ni mkwe. Nani atataja mimba mbele ya mkwe?"

"Sasa?"

"Niende na shangazi Agustina."

"Mtafiti ni wewe."

Mzee Mogesi alipoambiwa alicheka hadi akakohoa. "Kumbe ni mimi niliyewaziba midomo! Nami nilidhani maswali yako ndiyo mabovu."

Kesho yake mwanamke wa kwanza alitoka nje, akaketi karibu na Agustina, akaeleza habari za mvua, mto usiovukika na mume aliyeko machimboni, mpaka uji ukamwagikia motoni. Dakta alikuwa amebaki barabarani kwa hiari yake, asije naye akawaziba midomo.

Robi alimfuata huko. "Asante kwa kutonipa jibu, Dakta."

"Sikuwa nalo, mama. Haya, nenda mji wa pili. Wanakungoja."