Draiva Mpya na Kitabu cha Kinyanjui

Jumatatu saa tatu asubuhi, Nanyama alifungua duka la kuchapa vitabu vya mazishi, ghorofa ya pili ya jengo moja nyuma ya River Road, akawasha kompyuta, na skrini ikamwonyesha marehemu Kinyanjui akiwa na rangi ya viazi vilivyochemshwa jana.

Marehemu wote walikuwa hivyo tangu Januari. Mwezi huo wa mwaka 2007, wakaguzi wa programu bandia walikuwa wamepita katika jengo zima, na mwenye duka, Bwana Waithaka, akaogopa. Alimwambia Nanyama aweke Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu haina mkaguzi. Linux ilikubaliana na kila kitu dukani isipokuwa kadi ya picha. Kadi yenyewe ilikuwa nzuri; ilikuja ndani ya kompyuta ya mitumba kutoka Ulaya. Lakini ilitaka draiva ya kampuni iliyoiunda, yaani ile programu ndogo inayoieleza kompyuta jinsi ya kuitumia kadi. Bila draiva hiyo Nanyama aliona rangi chache tu, na zilizobaki alizirekebisha kwa kukisia. Wiki iliyotangulia, mama mmoja wa Kinoo alikataa vitabu mia mbili kwa sababu mwanawe alitoka kijivu. Alisema mtoto wake alizaliwa mweusi na akafa mweusi.

Kinyanjui alikuwa azikwe Jumamosi huko Mutuini, alikokuwa na shamba na nyumba za kupangisha. Mdogo wake, Sammy, alikuwa ameleta picha kumi na moja na kurasa mbili za historia ya marehemu zilizoandikwa kwa mkono. Mwandiko ulikuwa safi. Ulisema Kinyanjui ameacha mjane mmoja, Wanjugu, na watoto watano. Vitabu mia tano vilitakiwa Ijumaa saa sita mchana.

Saa nne alikuja mwanamke mmoja. Alijitambulisha kuwa ni Everlyn, anauza nguo za watoto Kabiria. Aliuliza kama kitabu cha Kinyanjui kinatengenezwa hapo, na alipoambiwa ndiyo, akaweka mezani picha ya studio. Walikuwemo yeye na Kinyanjui, na katikati yao msichana wa miaka sita, Ciru, amevaa sweta nyekundu.

"Mimi sitaki kuongea siku hiyo," alisema. "Hata kiti sitaki. Nataka tu mtoto awe kwa kitabu. Wakianza kugawa hiyo shamba, chifu ataitisha kitabu. Mwenye hayuko kwa kitabu hakuwa wake."

Nanyama alimweleza kwamba kitabu ni cha aliyekiagiza, kisha akampigia Sammy simu. Sammy alijibu kwa upole. Alisema familia haimjui mtu huyo, kanisa linajua harusi moja, na picha irudishwe. Nanyama aliirudisha bila kujua aangalie wapi. Everlyn aliifunga ndani ya leso na kusema atapita Ijumaa aone.

Nanyama akairudia draiva, maana hiyo angalau ilikuwa na maelekezo.

Alishuka kwenye saiba, duka la intaneti la chini, kuipakua. Stima ilipotea ikiwa imebaki kidogo, akaanza upya. Alipoipandisha juu kwa flashi, draiva ilimtaka azime madirisha yote ya skrini, akafanya kazi kwa herufi nyeupe juu ya weusi. Ilimpa masharti marefu ya kampuni, yaliyomkataza kuifungua kuona kilichomo ndani. Akaandika kwamba amekubali. Ndipo ikasema inahitaji faili fulani za kiini cha Linux. Alishuka kuzitafuta, zikawa za toleo jingine. Alishuka tena. Jumanne draiva ilitaka kifaa cha kujiundia, na kifaa hicho kikataka kifaa kingine. Kwenye intaneti, mtu wa nchi ya baridi alimjibu kwamba asome maelekezo, ambayo alikuwa ameyasoma mara mbili. Mwingine alikuwa na shida hii hii mwaka 2004. Aliieleza neno kwa neno, kisha chini akaandika kwamba ameshaitatua, asanteni. Hakusema alivyoitatua.

Jumatano asubuhi draiva ilitangaza kwamba imekaa vizuri, na skrini ikawa nyeusi. Nanyama alizima na kuwasha. Ilibaki nyeusi. Alikwenda msalani akalia kidogo, akanawa uso, akarudi.

Nzomo, mchonga mihuri waliyeshiriki naye chumba, alimwangalia akikaa.

"Wewe msichana, hiyo mashine ingekuwa bwana ungekuwa ushaiacha."

"Ningeiacha Jumatatu," Nanyama alisema.

Saa tisa aligundua kwamba katika faili ya mipangilio kulibaki neno moja linalotaja draiva ya zamani, ile dhaifu iliyokuja na Linux. Alilibadilisha. Skrini ikafunguka.

Rangi zilikuja zote. Kinyanjui alikuwa mweusi wa kahawia, na kovu dogo chini ya sikio ambalo Nanyama hakuwa ameliona kabla. Alikuwa amesimama mbele ya tangi lake la maji, Wanjugu kushoto kwake na watoto wao watano wamepangwa kwa urefu. Kulia kwake alisimama Ciru kwa sweta nyekundu, amemshika kidole. Everlyn alikuwa hatua moja nyuma.

Nanyama alifikiri ni mpangilio wa skrini, akaupunguza. Walibaki. Aliwafuta kwa mkono, akipaka majani ya shamba juu yao, akahifadhi, akafungua tena. Walikuwa wamerudi, na majani aliyoyapaka yalikuwa yamekaa vizuri nyuma yao. Akafungua picha nyingine. Katika picha ya harusi ya 1986, Ciru alikuwa kando ya msimamizi wa bibi harusi, Everlyn nyuma yake, na umri wake ulikuwa miaka sita. Katika picha ya shule ya msingi, iliyokuwa ya nyeusi na nyeupe, Ciru naye alikuwa wa nyeusi na nyeupe. Hapo yeye na Kinyanjui walilingana kimo.

Ili kujua kama draiva ina kasoro, Nanyama alifungua kazi za wateja wengine. Nesi mmoja mstaafu alikuwa ameongezewa mvulana wa kama miaka kumi na miwili. Seremala wa Kawangware alikuwa vilevile alivyoletwa. Kwa hiyo draiva haikuwa ikiongeza watu ovyo. Aliyasoma masharti ya kampuni upya, yote, na hapakuwa na neno lolote kuhusu marehemu.

Nzomo alikuja kuangalia, akasema rangi imeshika kweli. Bwana Waithaka naye alipopita jioni alizisifu rangi, akataka kujua kama zitatoka hivyo kwenye karatasi. Walichapa ukurasa mmoja. Zilitoka hivyo, na watu wote wakiwemo. Waithaka aliushika ukurasa mbali na macho, kisha karibu, akaamua wasubiri wenye msiba.

Alhamisi Sammy alikuja na Wanjugu kukagua kitabu, Bwana Waithaka akiwepo. Nanyama alimpa Wanjugu kiti cha mgongo mrefu, akafungua picha moja baada ya nyingine. Wanjugu aliziangalia zote kumi na moja. Kwenye ya mwisho aliinama mbele.

"Hiyo sweta niliifuma mimi," alisema. "Ilikuwa ya Shiru, msichana wangu wa kwanza. Nilidhani iliibwa kwa kamba ya nguo."

Sammy aliuliza mtoto huyo amekuwa kwenye picha ya harusi tangu lini. Nanyama akamwambia tangu jana saa tisa, draiva ilipokubali.

"Na hiyo draiva inaweza kutoka?"

Nanyama alijua kwamba angeweza kusema haitoki. Katika jengo lile hakuna ambaye angembishia, na baada ya siku tatu za kupanda na kushuka ngazi, hata yeye angejiamini. Alilifikiria hilo mpaka Waithaka akakohoa.

"Inatoka," alisema.

"Kwa muda gani?"

"Dakika mbili."

"Na rangi?" Wanjugu aliuliza.

"Rangi zitarudi vile zilikuwa, mama."

Wanjugu alimtazama mumewe kwenye skrini. "Alikuwa hivyo," alisema. "Hata hapo kwa sikio." Alifungua mkoba, akautazama ndani, akaufunga. "Itoe."

Draiva ilitoka kwa dakika moja na nusu. Haikuuliza chochote. Everlyn na Ciru walitoka nayo, na Kinyanjui akarudia rangi ya viazi. Sammy alitia sahihi kila ukurasa, akamshukuru Nanyama kwa uvumilivu wake. Baada yao kuondoka, Waithaka aliongeza mstari katika fomu ya kuagiza vitabu, ili mteja achague mwenyewe, draiva ya zamani au mpya. Katika wiki zilizofuata wateja waliuliza tofauti ni nini, wakaelezwa, na karibu wote wakachagua ya zamani. Mama wa Kinoo aliyerudi na picha za mwanawe alichagua mpya. Ilimwongezea marehemu wasichana wawili, na mama akasema wachapwe kitabuni, kwani siku nyingi alikuwa akishuku kwamba wapo.

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Ijumaa saa sita Sammy alichukua vitabu vyake mia tano. Saa saba, wengine walipokwenda kula, Nanyama aliirudisha draiva mpya. Safari hii ilichukua dakika kumi na moja, kwa kuwa alijua kila mahali ingekataa. Saa nane Everlyn alipanda ngazi na Ciru, aliyetoka shule na sweta yake, ambayo sasa ilikuwa fupi mikononi.

Nanyama aliwaonyesha picha. Everlyn alizipitia polepole. Kwenye ya harusi alisema amesimama vibaya. Angejua, angevaa ile gauni ya kijani. Ciru alitaka kujua yule mvulana wa shule ni nani, akaambiwa ni baba, akasema baba ni mfupi.

"Zimeingia kwa kitabu?" Everlyn aliuliza.

"Hapana, Mama Ciru," Nanyama alisema.

Kulikuwa na nakala moja iliyozidi. Nanyama alimpa. Everlyn aliisoma akiwa amesimama, kutoka jalada hadi sala ya mwisho, Ciru akichungulia chini ya mkono wake. Walifika kwenye ukurasa wa watoto. Jina la kwanza kati ya yale matano lilikuwa Wanjiru, maana huko kwa kina Kinyanjui binti wa kwanza wa kila mke hupewa jina la mama mzazi wa baba, na Shiru, kwa jina kamili, alikuwa Wanjiru kama Ciru alivyokuwa Wanjiru. Ciru alikuwa amejifunza kuliandika jina lake muhula huo. Aliweka kidole juu yake.

"Niko hapa," alisema.

Everlyn alikitazama kidole kile.

"Uko hapo," alimjibu.

Akaomba bahasha, akakitia kitabu ndani, wakashuka ngazi.