Koti la Kelly

...na hili birika nalo limeamua kununa, taa nyekundu inawaka lakini maji kimya, Goreth amesimama mbele yake na jaketi la safari mwilini, mabegi mlangoni hayajafunguliwa, siku nne barabarani kutoka Kigoma na kitu cha kwanza alichopewa na Bertrams, mtaa wao huku kusini kabisa mwa bara, ni baridi, ile ya Julai inayopita chini ya mlango bila kubisha hodi, na Kelly yuko kitandani chini ya blanketi la Kombe la Dunia, pua tu ndiyo inayoonekana, anauliza kwa mara ya tatu, "Mama, koti yangu iko wapi?" na Goreth anamwambia asubiri kwanza chai, kwa sababu koti liko Makamba, ng'ambo ya mpaka, kwa Victoire, binti wa kaka yake, ambaye alikuja Kigoma na bibi yake akalivaa juani mpaka jasho likamtiririka na hakukubali kulivua... ndiyo desturi, anayetoka mbali harudi na nguo zake, begi huenda na nguo likarudi na dagaa na mawese na unga wa muhogo, ukirudi na nguo zako watasema umekuwa mchoyo, na kwenye jua lile, mgongo umelowa, ziwa linang'aa mpaka macho yanauma, nani angekumbuka kwamba duniani kuna baridi, mtu mzima ovyo, akagawa sweta, akagawa soksi, akagawa na koti la mtoto, na aliyekumbuka ni mama yake, ambaye hajawahi kuona mdomo wa mtu ukitoa moshi wa baridi, alilishika lile koti akapapasa manyoya ya ndani, akauliza kama huko kwenu mtoto hatalihitaji, na Goreth akacheka, akasema watanunua jingine... huko kwenu, alisema mama, sasa ndipo anayasikia maneno hayo... simu inatetema kiganjani, ni Anatole, mumewe, bado yuko lindoni mtaa wa Doornfontein, ameandika, umempigia mama? bado, hajampigia, jina liko pale kwenye kioo, kidole kimeganda juu yake, na lazima apige, mama hapati usingizi mpaka asikie mmefika, ila akipiga atalikuta lile swali limekaa palepale alipoliacha, uani kwa shangazi Léocadie, wakichambua dagaa, wao wawili tu, siku moja kabla ya kuagana, mama ambaye alivuka mpaka kwa basi na magoti yake yale mabovu, kwa kuwa Goreth hawezi kuvuka, mkimbizi akikanyaga kwao karatasi zinakufa, basi wao hukutana Kigoma, na mama hakumtazama, alitazama dagaa, akasema, "Usinidanganye tena, mwanangu. Kama hurudi sema, kile kipande chako nimpe Ezéchiel." Igiseke, ndivyo wanavyokiita, kipande cha shamba ambacho baba humkatia binti yake, chake kina migomba na mteremko unaoishia mtoni, baba alimkatia akiwa tayari mgonjwa, alikipima kwa hatua zake mwenyewe huku akikohoa, na miaka kumi na moja mama amekipalilia peke yake, mtu hagusi, ni cha Goreth, na kaka Ezéchiel ana watoto sita wanaolala chumba kimoja na hajawahi kusema neno, hicho ndicho kinachouma, angelalamika Goreth angepata hasira akajificha humo... na alimjibu nini mama yake, alimjibu mwakani, mama, mwakani tukijaliwa, mwakani ileile ya kila mwaka, mama akaguna akachukua dagaa mwingine. Mkataa kwao mtumwa, wanasema, na hilo analiogopa, kwamba siku atakayotamka kwa mdomo wake kuwa harudi hatakuwa na kwao tena, atabaki na chumba hiki cha kukodi na vidole vya kusukia nywele ambavyo baridi ikizidi haviwezi hata kushika uzi... "Mi nilimwambia bibi kwetu sa hii ni baridi," inasema pua iliyo chini ya blanketi, "akasema anajua." Anajua. Goreth anageuka kumtazama mtoto, anataka kuuliza alisema lini, alisemaje, lakini haulizi, mama anajua, basi alijua zamani, alijua alipopapasa koti, alijua uani kwa shangazi, hakuuliza ili apate kujua, aliuliza ili aruhusiwe kupumzika, mwanamke wa miaka sabini na tatu anapalilia migomba ya mtu ambaye hatakuja kuila, na ruhusa hiyo hakuna wa kumpa ila mwenye migomba, na mwenye migomba anasema mwakani... kidole kinashuka, simu inaita, inaita, inapokelewa, na Goreth anasema kabla hata ya salamu, jambo ambalo kwao mtoto hamfanyii mzazi, "Mama, mpe Ezéchiel." Jogoo wa kule anawika, halafu mama anavuta pumzi ndefu, anaishusha, anauliza taratibu mtoto amevaa nini.

"Jaketi langu," anajibu Goreth, simu ameibana kwa bega, na palepale anaanza kulivua, haraka, mkono mmoja kisha wa pili, usije ukawa uongo.